Tunamfundisha Mtoto Kumwandikia Nani?

Chukua daftari la Kiswahili la mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili, fungua ukurasa wenye kichwa "Barua Rasmi", usome. Utakuta anwani ya mwandishi upande wa kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto, kisha "Ndugu", kisha "YAH:" iliyopigiwa mstari, na hatimaye ile sentensi ambayo kila aliyepita shule nchini mwetu anaijua kwa moyo: tafadhali husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: vema, 9/10. Sasa muulize mwenye daftari barua hiyo alimwandikia nani. Atakutazama kama mtu aliyetegewa swali la hila. Hakumwandikia mtu. Alifanya zoezi.

Nimefundisha walimu tarajali wa Kiswahili kwa miaka ya kutosha kuwa na sehemu yangu ya lawama katika jambo hili, kwa hiyo sitajifanya mtazamaji. Hoja yangu ni hii: shule zetu za sekondari zinafundisha umbo la maandishi na kumfuta msomaji. Kijana anayezoezwa kwa miaka minne kuandika kwa mtu asiyekuwapo hawezi kugeuka kwa miujiza akawa raia anayejua kudai kwa maandishi, wala mtumishi wa umma anayejua kujibu. Tumezoea kuliita jambo hili tatizo la lugha. Mimi naliona kuwa tatizo la kisiasa, nalo linatufaa baadhi yetu kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na mtihani, maana ndiko kila kitu kinakoelekezwa. Mtahiniwa huambiwa aandike barua, na katika swali hilohilo hupewa jina la bandia na sanduku la posta la bandia. Sababu yake inaeleweka: msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Sina ugomvi na siri ya mtihani. Ugomvi wangu ni kwamba tumekichukua chumba cha mtihani tukakifanya kielelezo cha darasa zima. Mtihani ni wa saa chache; shule ni ya miaka minne. Kwa nini mtoto atumie miaka yote minne akiandika kwa jina lisilo lake, kwenda kwa meneja wa kampuni isiyokuwapo, akiomba kazi asiyoitaka? Kwa nini amwalike rafiki asiyemjua kwenye harusi ya dada asiye naye? Kwa nini amwambie mtu ambaye hayupo duniani kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake huyo? Baada ya mazoezi kama hayo arobaini, mtoto mwerevu hufikia hitimisho moja tu: kuandika ni ufundi wa kusema uongo kwa mpangilio mzuri.

Na lugha yenyewe huharibika hapo. Uamuzi karibu wote wa mwandishi hutoka kwa msomaji wake. Nianze na salamu au niingie moja kwa moja kwenye shida? Nieleze historia, au anaijua? Nitumie neno la heshima au la ukaribu? Nitaje kiasi cha fedha mwanzoni au mwishoni? Ukimwondoa msomaji, maswali haya yote hupoteza maana, na mwanafunzi hubaki na kiunzi kitupu anachokijaza maneno mpaka ukurasa uishe. Kisha tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Mchukue binti huyohuyo aliyepata alama mbaya ya insha, umwangalie akimwandikia shangazi yake ujumbe wa simu kuomba nauli ya kurudi shule. Atapima salamu. Atataja kwanza matokeo mazuri ya hesabu. Atamwingiza bibi katika habari, kwa kuwa anajua shangazi hawezi kumkatalia bibi. Kiasi cha fedha atakiweka mwishoni, tena kwa unyenyekevu. Anajua kuandika. Asichokijua ni kwamba ujuzi huo una nafasi shuleni, kwa sababu hatujawahi kumpa shuleni mtu wa kumwandikia.

Nina kisa kimoja cha kusimulia, na sitakisimulia kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya kata. Sitaitaja shule wala mkoa. Somo la siku ile lilikuwa barua rasmi, kidato cha pili, wanafunzi wapatao themanini. Nilikaa nyuma na fomu yangu ya tathmini nikitarajia kiunzi kile kile ubaoni. Badala yake kijana yule aliwauliza wanafunzi: katika kuja shule, ni kitu gani kinawasumbua ambacho kuna mtu mwenye mamlaka ya kukiondoa? Darasa lilinyamaza, kisha likaanza kuzungumza, na baada ya dakika kumi lilikuwa limekubaliana. Kilikuwa kijito kilicho kati ya vitongoji viwili na shule. Kivuko cha magogo kilikuwa kimechukuliwa na maji, na kila masika wanafunzi wa ng'ambo ya pili hubaki nyumbani au huvuka maji yakiwa kiunoni.

Rasimu za kwanza zilikuwa zile zile: husika na kichwa cha habari, sisi wanafunzi tunaomba msaada wako, ni matumaini yetu ombi letu litakubaliwa. Kijana yule hakuzitia alama. Aliwauliza: Mtendaji wa Kata akiipokea barua hii leo, atakuwa amejua nini ambacho hakukijua jana? Hawakuwa na jibu. Basi wakagawana kazi. Kundi moja lilichukua daftari la mahudhurio likahesabu: wanafunzi 37 hutoka ng'ambo, na kati ya Machi na Mei mwaka ule walikuwa wamepoteza jumla ya siku 164 za masomo. Kundi jingine lilipima upana wa kijito kwa kamba. Jingine likamwendea mzee mmoja wa kitongoji, likapata habari za kivuko cha zamani, nani walikijenga na kwa nguvu za nani. Barua ya mwisho ilitosha ukurasa mmoja. Haikuwa na husika wala matumaini yetu. Ilisema kijito kiko wapi, kina upana gani, wanavuka wangapi, wamekosa siku ngapi. Ilisema wazazi wako tayari kutoa mchanga na nguvu kazi, ikauliza halmashauri iko tayari kutoa nini. Iliandikwa na watoto wa miaka kumi na mitano, na katika miaka yangu ya kusoma majalada nimeona barua chache za wakubwa zilizonyooka kama ile.

Wanafunzi watano waliipeleka kwa miguu. Karani wa ofisi ya kata aligonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, wakarudi nayo shuleni kama waliobeba kombe la mashindano.

Wiki haikuisha. Mkuu wa shule alipigiwa simu, na swali aliloulizwa halikuwa juu ya upana wa kijito. Aliulizwa: nani amewatuma? Kijana wangu akaandikiwa barua ikimtaka ajieleze kwa maandishi, ndani ya saa 24, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuwaingiza wanafunzi katika mambo yasiyo ya masomo. Alinipigia simu usiku ule. Nami, mhadhiri wa uandishi, mtu ninayesimama mbele ya vijana nikisema kwamba maandishi ni wajibu, nilimshauri aombe radhi ili amalize mazoezi yake salama. Aliandika usiku huohuo. Ilikuwa barua safi kwa umbo, na karibu kila sentensi yake ilikuwa ya uongo.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Katika shule ile, mwaka ule, barua ya watoto iliyokwenda kwa msomaji halisi ilihesabiwa kuwa kosa. Barua ya mwalimu iliyojaa uongo ilihesabiwa kuwa nidhamu. Wale watoto themanini waliliona hilo. Waliona mwalimu wao ameacha ghafla kuitaja barua yao. Somo walilolipata juu ya kuandika lilikuwa zito kuliko lolote lililo katika muhtasari, na mmoja wa walimu wao nilikuwa mimi.

Wapo watakaosema kwamba kumtafutia mwanafunzi msomaji halisi ni mtindo wa kuazima kutoka ng'ambo. Wasome historia ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 1888, pale Kiungani, Unguja, shule ya misheni ilianza kutoa gazeti la Msimulizi, na waliolijaza habari walikuwa walimu Waafrika na wanafunzi, wakielezana mambo ya vituo vyao vya bara na pwani. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 likiwa gazeti la serikali ya kikoloni, lakini wasomaji walililetea barua, habari na mashairi kutoka kila pembe ya Tanganyika. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu jijini Dar es Salaam ili Mwafrika awe na gazeti lililo lake. Na Shaaban Robert, ambaye tunawakaririsha wanafunzi orodha ya vitabu vyake, alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Zilizokusanywa na kuchapishwa zinaanzia mwaka 1931 hadi 1958. Katika miaka hiyo alikuwa karani wa serikali, akiandika baada ya saa za kazi kwa mtu anayemjua, juu ya mambo yanayomgusa. Lugha hii tunayojivunia ilikomazwa na watu waliokuwa na mtu wa kumwandikia. Kiunzi cha mtihani kimekuja baadaye.

Wala serikali yetu haiwezi kusema haijaambiwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake na kuupa mtihani heshima isiyoustahili. Tangu mwaka 2005 mitaala ya sekondari imekuwa ikihubiri umahiri, na mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 inahubiri umahiri kwa sauti kubwa zaidi. Umahiri wa kuandika barua utapimwaje ikiwa barua haifiki popote? Katiba yetu, katika ibara ya 21, inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakwenda mbele zaidi: inamtambulia mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haisemi asubiri mpaka afikishe miaka kumi na minane. Wale watano waliobeba barua kwenda ofisi ya kata walikuwa ndani ya sheria. Aliyeuliza nani amewatuma ndiye aliyekuwa nje yake.

Nitajibu pingamizi tatu ninazozisikia kila ninapolisema jambo hili kwenye semina za walimu.

Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada hadi kidato cha nne, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mikondo minne hana usiku wa kutosha kusahihisha insha zote. Nakubali, na ndiyo maana nasema njia hii ni nyepesi kwake. Darasa la wanafunzi 90 likigawanywa katika makundi ya watu kumi litatoa barua tisa. Kusoma barua tisa mara tatu, kutoka rasimu hadi nakala safi, ni kazi ndogo kuliko kusoma insha tisini mara moja, tena insha tisini zinazofanana. Na ndani ya kundi wanafunzi husahihishana wenyewe, kwa kuwa hakuna anayetaka jina lake lipelekwe mbele ya watu na makosa.

Ya pili ni mtihani. Watoto watajifunza lini kiunzi? Watakijifunza palepale. Anwani ya mwandikiwa haihitaji kukaririwa na mtu anayehofia barua yake isije ikapotea. Tarehe haisahauliki na mtu anayesubiri jibu. Mwanafunzi aliyewahi kuandika barua moja iliyofika ataiandika ya mtihani kwa urahisi. Aliyeandika arobaini za mtihani anaweza kumaliza shule bila kujua bahasha hufungwaje.

Ya tatu ndiyo ya kweli, na husemwa kwa sauti ya chini wakati wa chai: tutaonekana tunaleta siasa. Walimu hawaogopi bure. Nimesimulia yaliyompata mmoja wao. Kwao nasema mambo mawili. Kwanza, msomaji halisi si lazima awe mtawala. Kidato cha tatu wanaweza kuwaandikia wanaoingia kidato cha kwanza kijitabu cha kurasa nne kinachoeleza namna walivyonusurika miezi ile ya mwanzo, mtoto anapotoka kwenye masomo ya Kiswahili na kukutana na fizikia kwa Kiingereza. Wanaweza kuiandikia zahanati ya jirani maelezo ya namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari, kwa lugha ambayo mama mwenye mtoto anayeharisha ataielewa mara moja, kisha muuguzi ayakague kabla hayajabandikwa ukutani. Wanaweza kumwandikia babu wa mmoja wao historia ya kijiji kama alivyoisimulia, wamsomee, naye awakosoe. Hakuna afisa atakayepiga simu kwa ajili ya hayo, na kila moja lina msomaji atakayefaidika au kukwama.

Pili, walimu hawawezi kuachwa peke yao katika lile jingine. Ikiwa wizara inataka umahiri, itoe waraka unaosema waziwazi kwamba barua ya wanafunzi kwa ofisi ya umma, iliyoandikwa kwa adabu na yenye hoja za kweli, ni kazi ya darasa, na kwamba hakuna mwalimu atakayetakiwa kujieleza kwa sababu hiyo. Katika alama za maendeleo za kila mwaka, zitengwe alama za andiko moja lililofikishwa kwa mwandikiwa, liwe na muhuri au sahihi ya aliyelipokea. Ni mambo mepesi. Hayahitaji mfadhili wala mradi.

Sasa niwageukie ninyi mnaosoma hapa, kila mmoja kwa nafasi yake.

Watumishi wa umma: najua baadhi yenu ndio mnaozipokea barua hizi, na najua majalada mliyonayo. Mtoto akikuletea barua, mjibu. Ukiwa huna fedha za kivuko, mwambie huna, umwambie na bajeti hupangwa lini na nani hukaa kwenye kikao hicho. Jibu la hapana lenye sababu ni somo kamili la uraia. Ukimya nao ni somo, na mwanafunzi atalikumbuka siku atakapokaa yeye kwenye kiti chako. Wengi wetu tumekutana na maofisa wa aina hiyo dirishani, wale wasiojua kwamba nyuma ya karatasi kuna mtu. Hawakuzaliwa hivyo. Walifundishwa barua zisizo na watu.

Wanaharakati: msiwaandikie watoto barua zenu. Nimeona tamko lililoletwa likiwa limekamilika, lenye maneno ambayo hakuna mtoto wa kidato cha pili anayeyatamka, likanakiliwa na darasa zima mbele ya kamera. Hilo nalo ni zoezi. Mtoto amebadilishiwa bwana tu. Jana aliandika ili apate alama, leo anaandika ili ninyi mpate picha ya ripoti. Kama mnataka kusaidia, toeni karatasi, toeni nauli ya kufika wilayani, na mkae nje ya mlango.

Wanafunzi wangu, ninyi mtakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu: sitawatuma mbele ya simu za usiku kisha niwakimbie tena. Nimekwisha kuiandikia idara yangu nikipendekeza kwamba mwalimu tarajali anayefundisha uandishi kwa msomaji halisi apewe barua ya utambulisho inayoeleza kazi hiyo, yenye sahihi ya msimamizi wake. Ikikataliwa, sahihi yangu mtaipata vivyo hivyo, na atakayeuliza nani amewatuma ataona jina.

Kijana yule sasa ni mwalimu. Tulipoonana mara ya mwisho nilimwomba radhi, akaipokea kwa upole uliozidi stahili yangu. Kisha akanipa nakala ya barua ya kijito, ile yenye muhuri wa kupokelewa. Ipo mezani pangu ninapoandika haya. Waandishi wake watakuwa wamekwisha kumaliza shule, wengine wana watoto. Ina tarehe, ina anwani ya mwandishi na ya mwandikiwa, na ina swali moja mwishoni. Halijajibiwa.